Muhimbi, mti uliokataliwa na misumeno

Seremala wa Masindi, hapa Uganda, ukimtajia muhimbi hukunja uso kwanza, ndipo akujibu. Msumari hupinda kabla haujazama nusu. Randa hurukaruka. Msumeno ulionolewa asubuhi, kufika adhuhuri ni butu. Ukitaka kuunga vipande viwili lazima utoboe kwa kekee, na kekee yenyewe hupata moto. Mimi nauza mbao, kwa hiyo naelewa kwa nini wateja hawaulizii mti huu. Mkangazi unauzika. Mvule unauzika kabla haujashushwa garini. Musizi wajenzi wanaugombania. Muhimbi unabaki msituni, na kwa muda mrefu wakubwa wa misitu walichukulia kwamba mti usiouzika hauna kazi.

Kazi unayo. Tena ugumu huohuo ulioukosesha soko ndio unaowafanya sokwe wautafute jua likianza kuzama.

Kwanza niueleze mti wenyewe, maana hata wengi wetu tunaokaa karibu na msitu wa Budongo tunaupita barabarani bila kuutambua. Wataalamu wanauita Cynometra alexandri, na ni wa ukoo wa mikunde, ukoo mmoja na mkwaju na maharage. Hauvui majani yote kwa pamoja, dari yake ni ya kijani mwaka mzima. Ukipata nafasi hufika mita 40 na zaidi. Chini, shina linatanuka na kutoa mbavu bapa, nyembamba, ndefu kuliko mtu, zinazotambaa ardhini pande zote, na katikati ya mbavu mbili mtu anaweza kujibanza mvua isimpate. Majani yake ni madogo mno kwa mti wa ukubwa ule. Yakichipua hutoka na wekundu wa waridi, laini, yakining'inia kana kwamba yamenyauka, kisha siku zinavyokwenda yanakaza na kuwa kijani. Msimu wa chipukizi ukikukuta juu ya kilima unaona msitu umebadilika rangi kwa mabaka, na kila baka ni mihimbi.

Mti huu unapatikana Uganda magharibi, mashariki mwa Kongo, na kwa uchache Tanzania. Kwetu umejaa Budongo, umejaa Bugoma kule Hoima, na ukishuka hadi Bundibugyo, katika Hifadhi ya Taifa ya Semliki, ndio mwenye msitu. Semliki ile ni mkono wa msitu mkubwa wa Ituri ulionyooshwa hadi upande wetu wa mpaka, na muhimbi unastawi huko bondeni kwenye joto sawasawa na huku kwetu juu ya ukingo wa Bonde la Ufa.

Budongo imekuwa ikipasuliwa mbao tangu mwanzo wa karne iliyopita. Ilitangazwa hifadhi ya misitu mwaka 1932, kilomita za mraba 825 kwa jumla, zaidi ya nusu yake msitu wenyewe na zilizobaki nyasi. Kilichowavuta watu ni mkangazi, kwa kuwa huu unahesabiwa kuwa msitu mkubwa wa mikangazi kuliko yote Afrika Mashariki. Viwanda vya mbao vilileta vibarua kutoka kila upande: Waalur, Walugbara, watu wa Kongo, wengine kutoka mbali zaidi. Ndiyo maana hadi leo ukiingia Nyabyeya au vijiji vya pembeni mwa msitu utasikia Kiswahili sokoni na kwenye foleni ya maji, kwa sababu bila hicho Mualur na Mnyoro wangeanza kununiana asubuhi. Wazee waliofanya kazi kwenye misumeno ile bado wapo wachache, na ndio niliosikia kwao habari za sumu.

Kabla ya sumu kulikuwa na kitabu, au tuseme makala ndefu. Afisa misitu wa wakati wa ukoloni, W. J. Eggeling, alipima viwanja kadhaa ndani ya Budongo, na mwaka 1947 akachapisha alichokiona. Alisema msitu una umri, nao hupita hatua. Nyasi zikiacha kuchomwa, miti ya kwanza kuvamia ni ile inayopenda jua, musizi mbele yao, ambao mbegu zake huletwa na hondohondo: ndege anameza tunda, anaruka, anadondosha kokwa mbali na mama yake. Baadaye huja msitu wa mchanganyiko, ambamo kuna kila kitu, mikangazi, mikuyu, miti ya matunda ya kila aina. Mwisho, chini ya kivuli ambacho miche mingine haikiwezi, miche ya muhimbi inasubiri. Haina haraka. Miti mikubwa ikianguka mmoja mmoja, yenyewe ndiyo inayopanda juu, na hatimaye sehemu kubwa ya dari inakuwa ya muhimbi mtupu. Kwa Eggeling hapo ndipo msitu unapofika uzeeni, na aina za miti zinapungua badala ya kuongezeka.

Takwimu zile za Budongo zilisafiri mbali. Mwaka 1978 mwanaikolojia wa Marekani, Joseph Connell, alizitumia katika jarida la Science kutetea hoja iliyofundishwa vyuoni dunia nzima: kwamba msitu huwa na aina nyingi zaidi za viumbe ukisumbuliwa kiasi, si ukiachwa kabisa wala ukiharibiwa kabisa. Wanafunzi wa Ulaya na Marekani wamefanya mitihani juu ya miti ya Masindi bila kujua Masindi iko wapi. Katika miaka ya 1990 mtafiti Douglas Sheil alirudi kwenye viwanja vya Eggeling, akavipima upya, na akaonyesha kwamba mambo hayaendi kwa unyoofu ule. Lakini picha ya muhimbi kama mzee anayefunga mlango wa msitu ilikwishakaa vichwani mwa watu.

Na watu wenye picha hiyo walikuwa na kazi ya kuuza mkangazi. Kwao hesabu ilikuwa rahisi: kila muhimbi uliosimama ulikuwa umekalia nafasi ya mkangazi. Kuukata ni hasara, kwa sababu unamaliza misumeno na mbao zake hazina mnunuzi wa kutosha. Basi uuliwe ukiwa umesimama. Kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1960 vibarua walipita sehemu kwa sehemu wakikata mikato kuzunguka shina la muhimbi, na la miti mingine isiyotakiwa, wakimimina humo dawa iliyochanganywa na dizeli. Dawa yenyewe ilikuwa mchanganyiko wa 2,4-D na 2,4,5-T. Mwenye kujua historia ya vita atazikumbuka herufi hizo, kwani ni kemikali hizohizo mbili jeshi la Marekani lilizozimwaga juu ya misitu ya Vietnam. Tembo pia walipigwa risasi, kwa kosa la kula miche ya thamani. Leo Budongo haina tembo.

Mzee mmoja wa Kialur, ambaye sisi sote tunamwita Baba Mkubwa ingawa hana undugu na yeyote kati yetu, alibeba kopo la dawa hiyo akiwa kijana. Anasema walifanya kazi mikono mitupu. Anasema pia muhimbi ulikuwa mbishi kufa, mingine iliota matawi mapya upande ambao mkato haukufika, na msimamizi alipita nyuma akihesabu iliyogoma. Nilimuuliza kama walijua wanaua mti gani. Alinicheka: kazi ilikuwa kumaliza lita alizopewa.

Hapa lazima niwe mkweli hata kama habari inaharibu hadithi nzuri. Sumu ile haikuugeuza msitu kuwa jangwa. Mikangazi haikujaa kama walivyotarajia, ila miti ya matunda iliongezeka, mikuyu hasa, na walaji wake wakafuata. Watafiti Andrew Plumptre na Vernon Reynolds walihesabu nyani na kima wa Budongo, na mwaka 1994 walichapisha kwamba kima wa buluu, kima wenye mkia mwekundu na mbega walikuwa wengi zaidi katika sehemu zilizokatwa mbao kuliko katika sehemu ambazo hazikuguswa. Sokwe hawakuonyesha tofauti kubwa. Mtu wa haraka atasoma hapo na kusema wakoloni walikuwa sahihi, muhimbi ni mti wa njaa, afadhali upunguzwe.

Ni kweli msitu wa muhimbi mtupu si mahali pa kushibia mwaka mzima. Sokwe wa Sonso, jamii ambayo watafiti wameifuata tangu Reynolds aanzishe kituo pale mwaka 1990 kwenye eneo la kiwanda cha zamani cha mbao, wanakula tini kwa wingi, wanakula matunda ya msitu wa mchanganyiko, wanakula hata Broussonetia papyrifera, mti wa Asia ulioletwa Budongo kwa matumaini ya kutengeneza karatasi. Karatasi haikupatikana, sokwe wakafaidi. Lakini mnyama hali masaa 24. Kuna nusu nyingine ya siku ambayo mhesabu matunda haioni, kwa sababu na yeye amekwenda kulala.

Sokwe mkubwa hujitengenezea kitanda karibu kila usiku. Hupanda, hutafuta mahali matawi yanapopandana vizuri, huvuta matawi manene kuelekea kwake na kuyakunja, huyakanyaga, huyapitisha moja chini ya jingine, kisha hutandika vijitawi vyenye majani juu yake. Dakika chache tu, amemaliza. Mtoto hulala na mama hadi aachishwe ziwa, na wakati huohuo mchana hucheza mchezo wa kutandika, anaharibu, anaanza tena. Ni ufundi wa kujifunza.

Sasa, mti gani? Kusini mwa Ziwa Albert, katika Hifadhi ya Wanyamapori ya Toro-Semliki, mtafiti Kevin Hunt alianzisha mradi wa sokwe mwaka 1996. Ni nchi kavu kuliko Budongo, nyasi nyingi na misitu ya kando ya mito. Yeye na mtafiti mwenzake David Samson walikagua vitanda 1,844. Asilimia 73.6 ya vitanda hivyo vilikuwa juu ya muhimbi, na muhimbi ulikuwa asilimia 9.6 tu ya miti waliyoihesabu. Hiyo si sadfa. Wakachukua matawi 326 ya miti 7 inayotumiwa zaidi kwa vitanda, wakayapima kwa vyombo kujua yanapinda kiasi gani na yanavunjika kwa nguvu gani. Muhimbi uliongoza kwa ukaidi wa kupinda na kwa uwezo wa kubeba mzigo bila kuvunjika. Tena majani yake, yale madogo niliyoyataja, yamekaribiana sana kwenye tawi, kwa hiyo matandiko yanakuwa mazito na hayachomi. Sokwe anachagua mti kwa makini, kama mama anayebonyeza godoro dukani kabla hajatoa pesa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2014, na kwangu mimi muuza mbao ni jambo la ajabu kidogo: kipimo cha nguvu za mbao kilichofanywa kwa ajili ya mteja ambaye hanunui.

Budongo nako muhimbi ni mmoja wa miti inayopendwa kwa kulala. Kwa hiyo mwenye kutaka kulinda sokwe akilinda mikuyu peke yake amelinda jikoni, chumba cha kulala amekiacha wazi.

Nako kula, muhimbi hautoi tini, lakini una saa yake. Kiangazi kikikaza, kati ya Desemba na Februari, matunda laini mengi yamekwisha. Maganda ya muhimbi ndiyo yamekomaa wakati huo, magumu kama mti, na jua likiyakausha yanapasuka kwa nguvu na kurusha mbegu mbali na shina. Ukisimama chini mchana wa joto unasikia milio mikali juu, moja, kimya, kisha tatu kwa mfululizo, na mbegu zinagonga majani makavu. Mgeni hudhani ni wawindaji. Sokwe hukaa juu wakibandua maganda na kutafuna mbegu kwa saa nyingi. Si chakula cha sherehe. Ni cha kuvukia msimu, na mwenye shamba lolote hapa Bunyoro anajua thamani ya chakula cha namna hiyo mwezi wa pili.

Chini kwenye mbavu kuna maisha mengine. Kuna kwale mdogo mwenye macho yaliyozungukwa na wekundu, kwale wa Nahan, ambaye duniani kote yuko Kongo na Uganda tu, kwetu akiwa Budongo, Bugoma na Mabira. Hajengi juu. Anataga ardhini, katika pembe iliyo kati ya mbavu mbili za mti mkubwa, akiwa amejibanza ukutani. Watazamaji wa ndege wanaolipa tiketi kutoka ng'ambo kuja kutembea kwenye ile barabara pana inayoitwa Royal Mile humtafuta sana, pamoja na mdiria mwenye mgongo wa rangi ya kahawia, na wengi huondoka wamesikia sauti tu. Mbavu zikiondoka, kwale huyu hana pa kuweka yai. Huwezi kumpandia mti wa miaka 10 ukamwambia avumilie.

Mbavu hizohizo ni ngoma. Dume la sokwe likiwa safarini hushika ukingo wa ubavu wa mti, likapiga kwa mikono na miguu, na mlio unafika zaidi ya kilomita moja. Watafiti waliosikiliza jamii ya Waibira, majirani wa Sonso, walichapisha mwaka 2022 kwamba kila dume lina mapigo yake wakati wa kusafiri, kiasi kwamba anayesikia anaweza kutambua nani yuko wapi. Miti yenye mbavu nyembamba, muhimbi ukiwemo, ndiyo inayofaa kwa kazi hiyo. Sijui kwa nini habari hii ilinifurahisha kuliko ya vitanda. Labda kwa sababu kijijini kwetu nako ngoma ya msiba na ngoma ya harusi mtoto wa miaka 6 haichanganyi.

Niseme kidogo juu ya mti mwingine, maana unaonyesha kinachotokea kipande kimoja kikitolewa. Mwale, ule mti wa mabondeni wa jamii ya mnazi wenye makuti marefu, zamani ulikuwa mwingi kando ya vijito vya Budongo. Sokwe walikula kiini chake kilichooza, kwa ajili ya chumvi. Kisha kilimo cha tumbaku kikashika vijijini, na kamba za kufungia majani ya tumbaku ili yakauke zilichanwa kutoka makuti ya mwale. Mwale ukatoweka karibu wote. Sokwe wakaanza kutafuta madini kwingine: udongo, maji ya udongo, na, kama ilivyochapishwa mwaka 2024, kinyesi cha popo ndani ya tundu la mti. Watafiti walipokichunguza kinyesi hicho walikuta virusi 27, kimoja ndugu wa mbali wa kile cha UVIKO. Kutoka kamba ya tumbaku hadi hapo ni njia ndefu, na hakuna mkulima aliyeipanga.

Mambo mengine yanayoikabili Budongo yanajulikana, nitayapita. Miwa imefika ukingoni kabisa mwa msitu, mahali ambapo zamani palikuwa na miti midogo. Nyaya zinategwa kwa ajili ya funo na nguruwe mwitu, sokwe wanaweka mkono, na karibu robo ya sokwe wa Sonso wana kidole, kiganja au mguu uliolemaa. Hata hivyo wanatandika. Nimemwona mmoja mwenye kiganja kilichokunjamana akivuta tawi kwa kiwiko.

Linalonihusu zaidi ni soko, kwa sababu soko limebadilika. Kwa miaka yote ile muhimbi ulilindwa na ubaya wake. Sumu ilipoachwa, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuugusa, na mihimbi mikubwa unayoiona leo ilisimama kwa sababu msumeno wa mkono ulishindwa. Msumeno wa injini haushindwi. Na mtu wa makaa hahitaji ubao ulionyooka, hahitaji randa, hahitaji msumari uingie. Anahitaji mti mzito, na muhimbi ni mzito: makaa yake yanakaa motoni, gunia lake linatafutwa na mama lishe wa mjini kabla ya gunia la mti mwingine wowote. Wapo pia wanaotaka sakafu ngumu ya hoteli, na muhimbi kwa sakafu ni mti mzuri sana, sitadanganya. Shida ni kwamba mti unaofaa sakafu ni uleule wenye mbavu za kwale na matawi ya kitanda, umri wake ni mkubwa kuliko wa babu yangu, na kwenye vitalu vya miche vya hapa Masindi unauziwa mikalitusi, misonobari na musizi. Muhimbi sijauona kwenye kibao cha bei. Nani atapanda mti ambao hata mjukuu wake hataupasua?

Mwaka jana mkandarasi mmoja alikuja dukani akiwa na picha kwenye simu, sakafu nyekundu ya kahawia inayong'aa, akataka nimtafutie mzigo wa muhimbi, mambo ya karatasi tutayamaliza baadaye. Aliniita shemeji ili niwe mwepesi. Nilimwonyesha mkalitusi uliokauka vizuri, nikampigia na hesabu ya usafiri. Alinunua nusu ya alichohitaji. Nusu nyingine najua aliipata kwa jirani yangu, mtaa wa pili, na kwa bei ya chini kuliko niliyodhani mti ule unaweza kuuzwa.